Mtengeneza Simu na Nyapara Wake

Ndugu wasomaji, juma lililopita tuliongea habari za mbegu za viazi. Leo twageukia swali la kijana mmoja wa upande wa Usa River, anayejifunza ufundi wa simu hapa mjini Arusha. Anauliza hivi: Kwa nini kampuni kubwa zinazotuuzia simu, kama ile ya Tecno, hazitengenezi mfumo wao wenyewe wa kuendesha simu, bali kila mwaka zinautegemea mfumo wa Google wa Marekani? Je, huo si utumwa?

Swali ni zuri, wala si la mafundi peke yao. Linamhusu kila mama wa kijiji aliyeuza maharage yake akanunua simu, kisha siku moja akaamka akakuta simu ile ile, yenye kioo kizima na betri nzima, haifanyi tena kazi aliyoinunulia. Kwa nini iwe hivyo? Tutafika huko. Lakini kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe.

Simu ni vyuma, kioo, betri na kamera. Vitu hivi havina akili. Sharti awepo wa kuviambia: wewe kioo, waka, wewe kamera, fumbua jicho, wewe betri, toa nguvu kidogo, maana umeme haupo hata kesho. Huyo mwenye kuamuru si mtu, ni maandishi marefu sana yaliyotiwa ndani ya simu kiwandani, na wataalamu wanayaita mfumo endeshi. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya kahawa chini ya Mlima Meru watalielewa jambo hili upesi kuliko vijana, maana wanamkumbuka nyapara. Bwana shamba hakusema na kila kibarua. Alisema na nyapara, naye nyapara akagawa kazi: huyu akachume, huyu akapalilie, huyu apeleke ndoo mtoni. Basi mfumo endeshi ndiye nyapara wa simu.

Sasa, pamoja na vibarua wa shamba wako mafundi wa kutoka nje, yaani seremala, mwashi na fundi wa mashine ya kukoboa kahawa. Hao ndio programu: WhatsApp, benki, redio, habari za hali ya hewa, vitabu vya watoto. Fundi wa nje akifika shambani hana budi kusema na nyapara, tena kwa lugha ya nyapara. Asipoijua lugha hiyo, hawezi kufanya kazi hata awe hodari namna gani. Na kujifunza lugha mpya ni gharama. Fundi hawezi kujifunza lugha ya kila shamba. Atajifunza lugha ya mashamba makubwa, yenye watu wengi na ujira wa hakika.

Hapo, ndugu wasomaji, ndipo penye shida yote. Mtengeneza simu akiweka nyapara wake mwenyewe, mafundi hawaji kwa kuwa wanunuzi ni wachache. Wanunuzi nao hawaji kwa kuwa mafundi hawapo. Kila upande wamngoja mwenzake.

Siku hizi manyapara wenye nguvu ni wawili tu duniani. Mmoja ni wa Apple, ambaye hafanyi kazi ila katika simu za Apple. Wa pili ni Android, ambaye Google waliinunua kampuni yake mwaka 2005, na simu yake ya kwanza ikatoka mwaka 2008. Android ndiye aliye ndani ya karibu kila simu ya kupangusa mnayoiona katika soko la Tengeru siku ya Jumamosi.

Tecno, Itel na Infinix ni majina matatu ya kampuni moja. Inaitwa Transsion, ya mji wa Shenzhen katika China, nayo ilianza mwaka 2006. Haikuanza kwa kupigana na wakubwa huko Ulaya. Ilikuja Afrika, ikatazama watu wanavyoishi. Ikaona kwamba mtu ana laini mbili au tatu, kwa kuwa mtandao mmoja hushika kijijini na mwingine hushika mjini. Basi ikatoa simu yenye nafasi ya laini mbili. Ikaona kwamba umeme ni wa shida, ikatia betri kubwa. Ikaona kwamba kamera za wengine zilimfanya mtu mweusi aonekane kama kivuli ukutani, ikazirekebisha. Tangu mwaka 2011 ina kiwanda cha kuunganishia simu huko Ethiopia. Kampuni yenye macho ya namna hii haikosi watu wenye akili. Kama haikumwajiri nyapara wake, iko sababu.

Ilichofanya ni hiki: ilimchukua Android, ikamvisha nguo zake yenyewe. Katika Tecno nguo hizo zaitwa HiOS, katika Infinix zaitwa XOS. Picha na mpangilio ni vya kampuni, lakini ndani ni yule yule Android, na mafundi wote wa nje wanamjua. Kijana wetu aweza kusema kwamba huo ni ujanja wa mtu asiyetaka kazi ngumu. Sisi hatusemi hivyo. Kiwanda cha matairi cha General Tyre kilichokuwa hapa Arusha hakikubuni kipimo chake chenyewe cha tairi. Kilifuata vipimo vya magurudumu yaliyoko barabarani, na hakuna aliyekiita kitumwa kwa hilo.

Hata hivyo kijana wetu hakukosea katika hofu yake. Watu wa Meru wanajua habari za mifereji. Maji yatoka juu mlimani, yapita shamba hata shamba, na kila mtu ana zamu yake. Lakini aliyeko juu, mwenye kushika banio, ana nguvu kuliko wote walioko chini. Akifunga usiku, wewe wa chini waamkia mfereji mkavu, ijapokuwa ulifanya kazi ya kuusafisha kama wengine.

Jambo hilo liliwapata Huawei. Mwezi wa Mei mwaka 2019 serikali ya Marekani iliiandika Huawei katika orodha ya kampuni ambazo Wamarekani hawaruhusiwi kuziuzia vitu vyao bila kibali. Google wakalazimika kufunga banio. Android yenyewe, yaani sehemu iliyo wazi kwa watu wote, Huawei waliweza kuendelea kuitumia. Lakini duka la programu la Google, ramani zake, na mambo mengi ambayo programu nyingine huyategemea, hayo yalifungwa kwa simu mpya. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo wakatoa simu nzuri sana, Mate 30, yenye kamera ya kushangaza, lakini haina duka la Google. Mtu wa Arusha afanye nini na simu ya bei ya ng'ombe kadhaa, ikiwa kila programu aitafute kwa njia za panya?

Huawei wakachimba mfereji wao. Walikuwa wameanza kujitayarisha mapema, wakautangaza mfumo wao uitwao HarmonyOS mwezi wa Agosti 2019. Mwaka 2021 wakautia katika simu, na mwezi wa Oktoba 2024 wakatoa namna mpya isiyopokea programu za Android kabisa. Je, wameshindwa? La, hawakushindwa. Lakini angalieni walikuwa na nini mkononi. Walikuwa na fedha nyingi sana na maelfu ya wahandisi. Tena walikuwa na nchi yao yenye watu zaidi ya bilioni moja, ambao hata kabla ya ugomvi huo hawakuwa wakitumia duka la Google, kwa kuwa huduma zake hazifanyi kazi China. Mchina hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni mnunuzi wa nje. Basi Huawei hawatufundishi kwamba kila mtu aweza. Watufundisha kwamba aliyefungiwa maji, naye ana chemchemi yake nyuma ya nyumba, aweza.

Na wale ambao hawakuwa na chemchemi? Nokia mnaikumbuka. Ile Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na hata leo mzee akikwambia habari za simu imara atakutajia Nokia. Mwaka 2007 karibu nusu ya simu janja zote duniani zilikuwa za Nokia, tena zenye mfumo waliouzoea wao, Symbian. Kisha zikaja simu za kupangusa, na Symbian ikawa kama nyapara mzee anayetakiwa kusimamia matrekta. Mwezi wa Februari 2011 Nokia wakaacha kuitegemea, wakajiunga na Microsoft na mfumo wake wa Windows. Simu zilikuwa nzuri kwa macho na imara mkononi, lakini mafundi wa nje hawakuja kwa wingi. Mwaka 2014 Microsoft wakainunua kazi hiyo ya simu kwa zaidi ya Euro bilioni 5, na mwaka uliofuata wakaandika hasara ya dola bilioni 7.6 katika vitabu vyao. Jina la Nokia liliporudi madukani mwaka 2017 katika simu janja, ndani yake alikuwamo Android.

Samsung nao walijaribu. Walikuwa na Bada mwaka 2010, kisha Tizen. Simu ya Tizen iliuzwa India mwaka 2015 kwa bei ya maskini. Haikushika. Lakini Tizen haikufa. Imo hata sasa ndani ya televisheni za Samsung. Maana televisheni yahitaji mafundi wachache tu, nayo inakaa ukutani kazi zake zile zile. Simu yahitaji mafundi wasiohesabika, na kila mwaka mahitaji mapya.

Sasa tuje kwa kitochi, maana habari hii ndiyo inayotuuma sisi wa vijijini.

Shirika la Mozilla la Marekani, ambalo halitafuti faida, lilianza kutoa simu zenye mfumo wake mwaka 2013. Nia ilikuwa njema kabisa: simu ya bei ndogo kwa watu wenye kipato kidogo, na mfumo ulio wazi usiomilikiwa na tajiri mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2015 wakatangaza kwamba wanaacha. Wengine wakayaokota maandishi yale, wakatengeneza mfumo uitwao KaiOS, si kwa simu za kupangusa bali kwa zile za kubonyeza, ambazo vijana huziita kiswaswadu. Hapo pana akili nyingi. Simu ya kubonyeza haitaki kioo kikubwa, betri yake hukaa siku nyingi, nayo yaweza kuingia intaneti. Mwaka 2018 Google wenyewe walitia dola milioni 22 katika kampuni hiyo. Kisha WhatsApp ikaja, na hapa Tanzania watu wakaanza kununua vitochi hivyo vya intaneti.

Fikirini maana yake kwa mtu wa kijijini. Tuseme mama yuko katika kikundi cha VICOBA, na kikundi kina ukurasa wake katika WhatsApp ambako katibu huandika nani amelipa, nani amekopa, na mkutano uko lini. Mwanawe anasoma shule ya bweni, na walimu huwatumia wazazi habari kwa njia hiyo hiyo. Simu ya kupangusa ni ghali kwake, tena kioo chake huvunjika ikianguka jikoni. Kitochi cha intaneti kikampa yote hayo kwa bei nafuu. Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi.

Mwaka 2024 WhatsApp ikazuia watumiaji wapya kuipakua katika KaiOS, na mwanzoni mwa mwaka 2025 ikasimama kabisa. Hesabu ya wenyewe si ngumu kuikisia: watumiaji wa nyapara huyo walikuwa wachache wakipimwa na wale wa Android, na kumtunza fundi anayejua lugha yake kulikuwa na gharama. Kitochi hakikuharibika. Tochi yawaka, simu yapigwa, redio yaimba. Lakini mama yule ametoka katika kikundi bila kufukuzwa, na habari za mtoto sharti aulize kwa jirani.

Ndiyo maana twamwambia kijana wa Usa River kwamba swali lake lina upande ambao hakuutazama. Yeye aliuliza kama kampuni iko huru au imefungwa. Sisi twauliza: jaribio likishindwa, nani alipaye? Microsoft waliandika hasara, wakaendelea na kazi zao nyingine, nao ni matajiri hata leo. Mozilla waliacha, wakarudi katika programu yao ya intaneti. Lakini aliyenunua simu kwa gunia la maharage hana kitabu cha kuandikia hasara. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: mtengeneza simu asimweke nyapara wake mwenyewe kwa ajili ya sifa au kwa uchu wa kushika banio. Afanye hivyo akiwa amefungiwa maji kweli, au akiwa na watu wengi kiasi cha kuwafanya mafundi waje wenyewe, na awaambie wanunuzi wazi kwamba simu hii itatunzwa kwa miaka mingapi. Apple hatuwahesabu hapa. Wao walikuwa wakitengeneza mashine na mfumo wake pamoja tangu miaka ya 1970, muda mrefu kabla ya simu yao ya mwaka 2007.

Wengine watasema, basi sisi Waafrika tukae kimya tukinywa maji ya mfereji wa wengine? Hapana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi waliyoiita Kilinux, walichukua programu ya ofisi iliyo wazi kwa watu wote, wakaitia Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakuanza kufyatua matofali upya. Waliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa, wakaandika majina ya vyumba kwa lugha yetu. Kijana wetu naye, akimaliza masomo yake, atafanya jambo kubwa zaidi akiandika programu moja ya kumsaidia mkulima wa Meru kupata bei ya karoti katika soko la Kilombero kabla hajakodi gari, kuliko akitumia miaka kumi kutengeneza nyapara ambaye hakuna fundi atakayesema naye.

Tena liko jambo ambalo wasomi wa simu hulisahau. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania, watu wetu wametuma na kupokea fedha kwa kubonyeza nyota, namba na alama ya reli. Njia hiyo haimwulizi nyapara yeyote. Ujumbe hupita katika mtandao wa simu wenyewe hadi kwenye mitambo ya kampuni, na simu yako kazi yake ni kuonyesha maandishi tu. Ndiyo sababu Nokia ya zamani, Tecno mpya, na kitochi kilichopoteza WhatsApp, zote hutuma ada ya shule sawasawa. Wenye kupanga huduma za vijijini, iwe habari za mbolea au bima ya afya, wangefaa kuiacha njia hiyo wazi daima, wala wasihamishie kila kitu katika programu za simu janja. Twalisema hili kwa nguvu, kwa sababu tunaona ofisi nyingi zikielekea huko.

Sasa kwa wale wanaotaka kununua simu baada ya mavuno. Usitazame jina la nje na ukubwa wa kioo peke yake. Mwulize muuzaji: ndani kuna Android, au kitu kingine? Ikiwa ni Android, ni namba ngapi? Maana Android nayo huzeeka: tangu mwanzo wa mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika zile zilizo chini ya namba 5, na kiwango hicho hupandishwa kadiri miaka inavyokwenda. Simu iliyotumika yaweza kung'aa kama mpya na ndani ikawa na nyapara aliyekwisha kustaafu. Ukiambiwa kitochi hiki kina intaneti, usitosheke na picha iliyo juu ya boksi. Mwambie muuzaji atie laini yako, aiwashe simu mbele yako, afungue ile programu unayoitaka, na umtumie mtu wa nyumbani ujumbe. Ujumbe ukifika, ndipo utoe fedha.